Mama Masizi na Tanuri Lililogoma Kufa

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja kiwandani, msimamizi wetu wa tanuri, Mama Masizi, anastaafu. Mhariri wa jarida letu la kiwanda ameniomba mimi, mwenzake wa zamu, niandike kwa furaha. Haya, nitajaribu.

Alikuja akiwa fundi wa kuchomelea, mwembamba mno. Tulimtania ashike mlango feni ikiwashwa. Punde kampuni ikamtuma ng'ambo kufungua tanuri kuukuu la saruji, nati kwa nati, lije kwetu. Wenye nchi walishatajirika, moshi hawautaki tena. Bomba la moshi liliposhushwa, walimkatia keki na kumshukuru kwa kuwasafishia hewa. Anasema keki ilikuwa tamu, akala vipande viwili.

Tukalisimamisha hapa. Linabugia makaa ya mawe bila kushiba, lakini mji ukapata mishahara, na watoto wetu wakasoma. Saruji nyingi tukawauzia walewale waliotuuzia tanuri. Kwenye hesabu za moshi za dunia, wao wakawa wasafi na sisi wachafu. Mama Masizi aliposikia hayo redioni alicheka mpaka akakohoa, kisha akanuna wiki nzima. Mumewe alikiona cha mtema kuni.

Tangu hapo ombi lake likawa moja: linunuliwe tanuri jipya lenye moshi mdogo, na hili likatwe liwe chuma chakavu. Bei ya saruji ikipanda, aliambiwa tanuri halizimwi wakati wa neema. Ikishuka, hela hakuna. Wakurugenzi wanne wamepita, yeye yuko palepale anaomba. Zawadi ya kuagwa hakutaka, si sofa wala friji. Alitaka alikate kwa mkono wake.

Mwaka huu tanuri jipya limefika, na pongezi anastahili. La zamani limeuzwa kwa nchi maskini kuliko yetu.

Mafundi wao sita walikuja kulichukua, vijana wenye adabu, shikamoo mama kila asubuhi. Alikusudia kuwakatisha tamaa. Wakamwonyesha kwenye simu picha za mji wao: watu wazima na nguvu zao wamekaa vibarazani mchana kutwa, kazi hakuna. Basi akawafundisha kuliwasha, kulilisha, na kulituliza likianza kutetemeka. Nilimuuliza mbona hakuwaonya.

“Ningewaambia nini?” akanijibu. “Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Sasa mwenye shibe ni mimi.”

Nimekaa na karatasi hii nikitafuta neno la kuwachangamsha, sina. Inauma.

Mama Masizi, asante kwa kutulea sote. Nenda ukapumzike na mzee wako, amekungoja vya kutosha. Tanuri linasafirishwa Jumatatu. Kwa jinsi ulivyolitunza, mafundi wanasema lina miaka thelathini mingine ya kuwaka. Nasi tunakuombea uishi yote hiyo, kwa afya na amani.