Utelezi Ndani ya Mpira wa Jeconia

Mheshimiwa Chifu, Mchungaji, Imamu wetu wa Makina, walimu mliotoka chuo kikuu, majirani wa Soweto West, na nyinyi vijana mnaoegemea mlango: hamjambo, na niaje pia.

Mimi ni Nereah Aketch, muuza maji. Nimeombwa nimpongeze Ndunge, binti wa jirani yangu Kaveke, ambaye wiki hii amekuwa daktari wa kemia. Mnanijua, kunipa maikrofoni ni kujitakia.

Mume wangu Jeconia aliumia uti wa mgongo kwenye mjengo, na tangu hapo anakojoa kwa mpira unaoingizwa kwenye kibofu. Mpira ulikuwa ukiziba, homa inampanda, dawa hazifui dafu. Tuliambiwa figo zake ziko hatarini. Tungefanya nini?

Siku moja Ndunge alinikuta nikiosha mtungi vile sisi huosha hapa: kokoto, sabuni ya unga, tikisa mpaka mkono ulegee. Akaingiza kidole, akagusa utelezi uliobaki.

"Mama Billy, utelezi kama huu ndio unaoziba mpira wa Mzee," akasema. "Na hizi kokoto zinakwaruza plastiki, bakteria wanapata pa kujishikilia."

Kumbe miaka yote nilikuwa nawachimbia msingi!

Akanipeleka maabara, nikachungulia kwenye hadubini. Jamani, bakteria wamejenga mtaa: wamebanana, wameacha vichochoro vya maji, na ute umewafunika wote, dawa haipenyi. Kisha akadondosha kemikali aliyoibuni mwenyewe, akibadilisha kipande hiki na kile kwa miaka. Haiwaui. Inawakatizia mawasiliano wasiitane kujenga, na ute unaachana. Niliona mtaa mzima ukimeguka. Nani angedhani vidudu visivyoonekana vinaongea, na msichana wa hapa kwetu akavielewa?

Majaribio yalipoidhinishwa, Jeconia alikubali kuwekewa mpira uliopakwa kemikali hiyo. Wa kwanza haukufaa kitu. Homa ilirudi, na Ndunge akalia jikoni kwangu, kisha akarudi maabara. Huu wa pili haujaziba hadi leo. Utadumu hadi lini? Hata yeye hasemi.

Ndunge, Jeconia alikuwa hakubali kutoka nyumbani, akiogopa kunuka mbele za watu. Leo asubuhi ameniomba nimpigie shati pasi. Yule pale kwenye kiti cha magurudumu, kando ya Imamu.

Nawashukuru nyote kwa kunipa sikio. Sasa mpelekeeni Jeconia maikrofoni; Ndunge, amesema anataka kukushukuru mwenyewe.