Mbwa Mpole Anatafuta Nyumba

Ukitaka kujua jambo ambalo hata anayelisema halijui, nenda kaketi kwenye benchi lililo mbele ya kibanda cha mchora mabango. Utaelezwa mpaka uchoke. Mchoraji mwenyewe wanamwita Brashi, na asubuhi hiyo hakuwa na hamu ya kuelezwa kitu. Ndani ya kibanda, kwenye mguu wa meza, alikuwa amefungwa mbwa wa kijivu, kifua kipana, taya pana, mmoja wa ile aina ambayo watu wakiiona tu wanavuka barabara. Mpangaji wa nyumba ya nyuma alihama akamwacha akilia. Brashi akashindwa kuvumilia, akamchukua. Sasa mwenye kibanda kasema basi. Saa sita mchana daktari wa mifugo anakuja na sindano, na si ya chanjo. Zilibaki saa mbili.

— Nyumba mbili zimeshashindikana, alisema Brashi. Mwenye gereji alimfunga mnyororo mfupi, akamnyima chakula ili awe mkali. Nikaenda kumchukua kwa ugomvi. Ati mbwa mpole wa nini na sura ile?

— Na yule mwalimu? aliuliza Mama Birika, muuza kahawa, huku akimimina.

— Mwalimu alimpenda, na watoto wake pia. Majirani ndio waliojaa getini. Siku ya pili kanirudishia, machozi yanamlengalenga. Anayemtaka anamtaka kwa ubaya, mwenye roho nzuri anamwogopa. Nifanyeje mimi?

— Majirani wana akili! alidakia Waranti, fundi redio, ambaye kila redio huipa waranti ya maisha na kesho yake inarudi. Taya la mbwa huyo likishabana halifunguki. Itabidi uende naye kazini hivyo hivyo, ananing'inia.

— Umemwona wapi akiuma? aliuliza Brashi.

— Leo ataonja kidole, kesho mkono. Haba na haba hujaza kibaba!

— We Waranti, methali hiyo ni ya kuweka akiba, alisema Mama Birika.

— Na yeye si anaweka akiba tumboni?

Brashi alichukua mpini wa ufagio, akalisukuma bakuli la maji ndani. Mbwa akanywa. Kamusi, karani mstaafu asiyepitwa na neno, akakohoa kidogo kuwataka wanyamaze.

— Taya si hoja. Hoja ni ubongo. Mbwa wa namna hii akitimiza miaka mitatu, ubongo unaendelea kukua, fuvu limegoma. Siku hiyo anamsahau bwana wake.

— Wewe mzee kila siku unasahau kama umekunywa vikombe viwili, alisema Mama Birika, na ubongo wako haujakua.

— Cheka tu! Hawa huhesabu watu wa nyumba. Mmoja akisafiri wanajua mmepungua, wanaanza mipango.

— Mipango ya nini?

— Ya urithi.

Benchi zima likaangua kicheko. Brashi hakucheka. Mabango yote ya MBWA MKALI mtaani humo kayachora yeye, kichwa ni cha mbwa wa aina hiyo hiyo, na meno aliyaongeza mwenyewe kwa kuwa wateja walipenda meno mengi. Wiki iliyopita alichora jingine, MBWA MPOLE ANATAFUTA NYUMBA, akalitundika mlangoni. Wapita njia wakamwambia kakosea kuandika. Roho ilimuuma sana.

— Hodi hapa.

Alikuwa mwanamke wa makamo, buti za mpira zimejaa udongo.

— Nimesoma bango, na njiani nimesikia habari ya sindano ya saa sita. Ni mpole kweli?

— Mpole, dada, haki ya Mungu!

— Mimi nina kitalu cha miche, majirani wako mbali. Mbwa wangu nilimzika mwezi uliopita. Sura hainisumbui. Nataka kujua kitu kimoja, nisije nikamtisha tukifika. Anapenda kukunwa wapi?

Waranti akachungulia kikombe chake. Kamusi, aliyejua mpaka mambo ya fuvu, akakuna kidevu. Wote wakamgeukia Brashi, na Brashi akautazama mkono wake. Siku kumi na mbili! Alimvuta kwa kamba ndefu, akamlisha kwa mpini wa ufagio, akamtetea mtaa mzima, lakini mkono wake ulikuwa haujamgusa hata unyoya mmoja. Kumbe na yeye alikuwa akimwogopa kama wao. Aibu ikampanda.

— Nisubiri kidogo, dada.

Aliingia, akapiga magoti, akanyoosha mkono. Mbwa alipouona unakuja, akafumba macho na kuinamisha kichwa, kama anayengoja kipigo.

— Maskini wee, alinong'ona Brashi.

Akamgusa paji la uso, akashuka shingoni, akarudi nyuma ya sikio. Lilikuwa laini, lina joto. Mguu wa nyuma wa mbwa ukaanza kugonga sakafu wenyewe.

— Sikio la kushoto, alisema. Kwa chini kidogo.

— Ahsante, kaka. Basi nifungulie, tuondoke kabla hiyo saa sita haijafika.

Brashi akalishika fundo. Lilikuwa fundo jepesi, kalifunga mwenyewe, lakini alichelewa nalo mno, maana alilifungua kwa mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa bado haujatoka sikioni.