Hukumu Moja Ambayo Haikulala

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, mimi ni mdogo wake marehemu, yule seremala, na kabla sijasoma naomba mjue kwamba jana familia ilibishana sana juu ya ukurasa wa pili wa karatasi hizi za wasifu wake, wengine wakitaka niuruke, lakini marehemu aliagiza usomwe mbele za watu, nami sikuwahi kuwa na ubavu wa kumpinga dada yangu.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa kwanza wa fundi mitambo na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, sekondari ya bweni hadi 1976, kisha chuo kikuu, alikohitimu shahada ya sheria mwaka 1980, na siku hiyo baba yetu alisema hatimaye ulimi wa binti yake umepata kazi halali.

Aliapishwa kuwa hakimu tarehe 2 Mei 1988, na kuanzia 1994 alikaa mahakama ya familia, ghorofa ya pili, chumba namba tatu, chenye feni iliyolalamika kuliko wadai, akisikiliza mashauri ya talaka na malezi ya watoto, na kila hukumu aliiandika kwa mkono, akaifungia kwenye droo, akaisoma upya kesho yake ndipo akaitia saini, akisema, "Ilale kwanza," hata makarani wakambandika jina la Mama Ilale, nalo likamfuata mpaka nyumbani, ambako hata rangi ya mapazia ilibidi ilale.

Alifunga ndoa kanisani tarehe 11 Septemba 1982 na mwalimu wa hesabu, mtu mpole aliyetutangulia mwaka 2014, wakajaliwa binti mmoja, aliyezaliwa 1984, na wavulana wawili, 1986 na 1991. Marehemu alikuwa pia mzee wa kanisa, aliamini kwa moyo wake wote kwamba ndoa haivunjwi, na wiki nzima alizivunja kwa sheria aliyoapa kuilinda, Jumapili akapiga magoti kuwaombea wenyewe, na aliyemuuliza anawezaje alijibiwa kwamba kila kiapo kina chumba chake.

Sasa ni ukurasa wa pili.

Jumapili tarehe 17 Mei 2009, baada ya ibada, binti yake aliingia jikoni, akamwambia mama yake kwamba mumewe anampiga na kwamba anataka kuondoka, na marehemu, akiwa bado na vazi la kanisani, huku akikata vitunguu, alimkumbusha kiapo chake cha ndoa na kumwambia arudi kwa mumewe, hukumu ambayo haikupata hata saa moja ya kulala. Mganga hajigangi. Binti alirudi, na tarehe 3 Julai alilazwa hospitali, akatoka akiwa hasikii kwa sikio la kushoto.

Shauri la talaka lilipofunguliwa, faili lilitua mezani kwa marehemu, akajitoa siku ileile, likaenda kwa hakimu ambaye marehemu mwenyewe alimfundisha kazi, na tarehe 9 Februari 2010 alipanda kizimbani kama shahidi wa binti yake, akaeleza maneno yote aliyosema jikoni, na wakili wa mkwe wake alipomuuliza kama siku ile alisema kama hakimu au kama mzee wa kanisa, alijibu, "Nilisema kama mama mwenye haraka." Talaka ikatolewa. Kanisa likamvua uzee, akahamia benchi la nyuma, na hakukosa ibada hata moja, lakini binti yake hakukanyaga nyumbani kwake kwa miaka kumi na mitatu, na dada yangu aliumia, sitaficha, nilimwona akimwandalia sahani yake mezani kila Krismasi.

Alistaafu mwaka 2017. Agosti 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na tarehe 5 Oktoba binti yake alikuja wodini, akavuta kiti upande ambao sikio lake zima lingemwelekea mama yake, na marehemu akamwomba msamaha bila kujitetea. Binti akasema, "Ilale kwanza, Mama." Marehemu alicheka mpaka muuguzi akaja, kisha akamwambia binti yake kwamba hiyo ni haki kabisa, kesho atasubiri. Alifariki kesho yake, tarehe 6 Oktoba, saa nne asubuhi, binti yake akiwa kwenye ngazi za hospitali anapanda.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliompikia uji, mahakimu wenzake, makarani wa chumba namba tatu, na kanisa, wakiwamo waliomhamisha benchi.

Mstari wa mwisho ameuandika binti yake leo asubuhi, nami nausoma kama ulivyo: Mama, imelala, imeamka, nimeisoma tena, na nimekusamehe, pumzika kwa amani.