Shangazi na Kalamu Iliyogeuzwa

Tarehe thelathini mwezi huu, saa ya kufunga kazi, Shangazi atavua aproni yake ya turubai, ataikung'uta, kisha ataitundika kwenye msumari ule ule alioutumia kwa miaka thelathini na mitatu. Karakana yetu ya kalamu za mbao haijawahi kuwa na mtumishi aliyekaa muda mrefu kuliko huo. Msumari wenyewe umeinama kwa uzito wa aproni, na hadi sasa hakuna aliyethubutu kuuliza ni nani ataurithi.

Kwa damu, yeye si shangazi wa yeyote kati yetu. Jina hilo lilianzia kwa meneja wa zamani, aliyeweka kikombe cha chai kwenye meza ya kuunganishia kalamu. Alikaripiwa na huyu mama mpaka akajikuta anajibu, "Samahani, shangazi," mbele ya wafanyakazi wote. Kikombe kikaondoka, jina likabaki.

Aliajiriwa kufungasha. Kazi yake ilikuwa kulaza kalamu kwenye visanduku na kufunika, basi. Lakini kila kisanduku alikifungua tena, akaijaribu kalamu, na iliyokwaruza au kulegea aliirudisha kwa mafundi. Alirudisha nyingi mno. Siku moja fundi mmoja akamwambia kwa hasira kwamba kama anajua sana, akae yeye mezani. Akakaa. Fundi yule alidhani anatania, na wazee wa karakana wanasema alizunguka siku nzima akitafuta pa kufanyia kazi.

Kwa wageni na ndugu zake watakaosoma wasifu huu bila kuijua kazi yetu, naomba nieleze kidogo. Kalamu yetu ina vipande viwili vya mbao, cha chini na cha juu. Kila kipande kimetobolewa katikati na kugandishiwa ndani kibomba chembamba cha shaba kwa gundi. Mkerezaji wetu, ambaye sote tunamwita Vumbi kwa sababu hajawahi kuonekana bila hilo, huvizungusha kwenye mashine mpaka viwe laini kama kokoto ya mtoni. Kisha huja kwenye meza ya Shangazi. Hapo ncha ya chuma hubanwa upande mmoja, kibanio cha mfukoni upande mwingine, na katikati huingia kile kifaa cha kuzungusha kinachotoa na kurudisha wino. Mezani hapo hakuna skrubu wala gundi. Kila kitu hushikwa kwa kubanwa tu, kwa hiyo kikishaingia hakikukusudiwa kutoka.

Kukitoa ndiyo iliyokuwa kazi ya Shangazi.

Ana droo anayoiita wodi. Humo hulazwa kalamu zilizounganishwa vibaya, za kwetu na za watu waliojaribu wenyewe nyumbani. Asubuhi huifungua na kuwapitia wagonjwa kwa sauti. Huyu kavalishwa kofia miguuni. Huyu kasukumwa mno, wino hauwezi kurudi ndani, anatembea ulimi nje. Huyu wa mwisho ameletwa na mwenye kiburi aliyetumia nyundo ya misumari, muacheni kwanza apumzike. Nilipoanza kazi nilidhani ni mzaha wa kutuchangamsha. Baadaye niliona kwamba kila aliyepitiwa na mkono wake kwenye droo ile alitoka mzima, na mzaha ukaanza kunitisha kidogo.

Wote wanaounganisha kalamu hapa leo wamefundishwa naye. Kile kigogo chenye tundu lililozungushiwa ngozi, ambacho karakana nyingine zimekiiga, alikibuni yeye baada ya kuchoka kuona mbao zikichubuka kwenye meno ya jiliwa. Amekataa kuwa msimamizi kila alipoombwa, na sababu aliyoitoa haikubadilika: msimamizi hutembea, na yeye hapendi kutembea. Na unyenyekevu hana. Tusimvike sifa asiyoitaka. Kwa miaka mingi alisema, tena mbele ya wateja, "Mti haunidanganyi." Alikuwa akikishika kipande mkononi, akikigeuza dirishani, akikwambia kilikuwa nini kabla hakijafika kwetu.

Ndiyo maana ameniagiza niandike habari ya kalamu ya mwiko. Aliniambia, "Ukiandika kwamba sijawahi kukosea, nitasimama mbele za watu nikupokonye karatasi." Namjua. Atasimama.

Mwaka jana alikuja muuguzi akiwa na mwiko umefungwa kwenye kitambaa. Ulikuwa wa mama yake, aliyekuwa amefariki miezi michache kabla. Ndugu zake waligawana masufuria, yeye akaomba mwiko ulioungua bapa ukabaki mpini. Alitaka kalamu ya kuandikia kazini. Akasema jambo moja tu, akisema kwa haya kama mtu anayeomba kupita kiasi: pale mama aliposhika, naye ashike papo hapo.

Mpini ulikuwa mfupi. Vumbi alipomaliza kuukata haikubaki hata mbao ya kutengenezea kifungo. Nusu ya mpini ilikuwa nyeupe iliyofifia, na nusu ya upande wa bapa ilikuwa nyeusi. Vumbi alikereza akitegemea weusi utaondoka na vumbi, lakini kila alipozidi kuingia aliukuta umemtangulia. Alinionyesha. Miaka ya mapishi ilikuwa imezama ndani ya mti ule, na nilikaa nikiuangalia mpaka nikasahau nilichokuwa nimetumwa.

Shangazi akakigeuza kila kipande dirishani. Weusi huu, akasema, ni moshi na mvuke wa sufuria. Mkono ulikuwa huku juu, kwenye weupe, mbali na moto. Akaunganisha kalamu akiweka weupe chini, vidole vinapokaa, na weusi juu, kwenye kibanio. Kazi ilikuwa safi. Nyuzi za mti zilipita kutoka kipande kimoja kwenda kingine kama hazijawahi kukatwa. Hakuna kati yetu aliyeona kasoro, kwa kuwa kasoro haikuwa kwenye kalamu.

Muuguzi alikuja akiwa bado na sare ya kazini. Akaishika kalamu kama anayetaka kuandika. Akaigeuza, akaishika kichwa chini. Akairudisha.

"Ni nzuri sana, mama," akasema.

"Lakini?" Shangazi akauliza.

"Hamna kitu. Nitaizoea."

"Mwanangu, mimi nina umri wa kuambiwa. Sema."

Akasema. Mama yake alikuwa mfupi na alipikia watu wengi. Sufuria zilimfika kifuani. Hakuweza kushika mwiko juu akapata nguvu ya kusonga, kwa hiyo alishika chini kabisa, karibu na bapa, na watoto wake walimcheka kwamba ipo siku atakoroga kwa mkono. Weusi ule haukuwa wa moshi. Ulikuwa wa kiganja chake, mafuta na jasho.

Nilimwangalia Shangazi. Alikuwa amekaa, mikono miwili juu ya meza, kama mtu aliyeitwa jina lake na sauti asiyoitegemea. Kisha akavaa miwani yake, ile ya kamba ya kiatu.

"Kaa hapo," akamwambia muuguzi. "Nisikilize kwanza. Naweza kuifungua na kuigeuza yote, ya chini iwe ya juu. Lakini mti huu umekaushwa na moto miaka mingi na sasa ni mwembamba kama ganda la yai. Ukipasuka, hakuna mwiko mwingine. Ukitaka kuichukua ilivyo, ichukue. Mama yako yumo humo vyovyote vile."

"Ifungue," muuguzi akasema, akavuta kigoda.

Vumbi akazima mashine yake bila kuambiwa. Nimefanya kazi humu kwa muda wa kutosha kujua kwamba Vumbi hazimi mashine hata akipiga chafya.

Shangazi alivitenganisha vipande viwili kwa mkono. Akapitisha kijiti cha chuma ndani ya kipande cha juu, akagonga mara chache, na kibanio kikadondokea kwenye kiganja chake. Hilo lilikuwa jepesi. Kifaa cha kuzungusha, kilichobaki kwenye kipande cha chini, alikibana kwa koleo lililofungwa ngozi, na hakukivuta. Alikishika tu imara huku akikizungusha kipande cha mbao taratibu, akirudi nyuma, akiendelea, hadi chuma kikaanza kutoka kwa mlio mdogo. Mmoja wetu alitaka kuleta moto wa kupasha, ili chuma kilegee. Shangazi akatikisa kichwa bila kuinua macho. Ndani kuna kibomba kilichogandishwa kwa gundi, na joto lingekilegeza kabla ya ncha.

Ilibaki ncha. Akakisimamisha kipande kwenye kigogo chake chenye tundu, ncha ikining'inia chini, akaingiza kijiti kutoka juu na kuanza kugonga kwa nyundo yake ya mbao. Ncha haikusogea. Akagonga tena. Tukasikia mlio, mdogo sana, kama wa njiti ya kiberiti inayovunjwa chumba cha pili.

Shangazi alikitoa kipande, akakigeuza kwenye mwanga. Kwenye ukingo wa weupe palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Hakusema pole, wala hakutafuta wa kumlaumu. Alidondosha gundi nyepesi kwa ncha ya sindano, ufa ukainywa, akaufunga kwa uzi kuzunguka na kuzunguka, kisha akakaa kusubiri. Muuguzi naye akasubiri. Walikaa wawili hao wakiongea habari za miguu, namna inavyovimba kwa kazi za kusimama, kana kwamba mezani hapakuwa na kitu.

Gundi ilipokauka nilitegemea agonge kwa nguvu zaidi. Aligonga kwa nguvu ndogo kuliko hapo mwanzo, ndogo mno kiasi kwamba hatukusikia tena nyundo. Aligonga, akazungusha kipande, akagonga, akazungusha. Ilikuwa kama anaibembeleza ncha isahau kwamba ilikuwa imeshika. Sijui ilichukua muda gani. Najua nilikuwa nimeacha kuegemea ukuta, na Vumbi alikuwa amevua kofia. Kisha ncha ikaanguka kwenye ngozi chini ya kigogo, bila kishindo, na kipande cha mbao kikabaki kizima mkononi mwake.

Nimesoma vitabu kadhaa kuhusu ufundi. Sijawahi kusoma mahali palipoandikwa kwamba mkono mmoja unaweza kuwa na nguvu na huruma kwa wakati ule ule, na usijue tofauti.

Akaiunganisha upya, safari hii weusi chini. Kile kifaa cha katikati alikisukuma kidogo, akatia wino, akazungusha, akaangalia unatoka kiasi gani, akatoa, akasukuma tena. Ukizidisha hapo hakuna kurudi. Hakuzidisha. Mwisho kikabaki kibanio, ambacho sasa kilikuja upande wenye ufa. Angeweza kukiweka juu yake na ufa usionekane milele. Alikiweka pembeni.

"Ufa uko hapa," akamwambia muuguzi. "Huo ni wangu. Hautaendelea, lakini ujue upo."

Muuguzi akapitisha ukucha juu yake. Kisha akaishika kalamu pale kwenye weusi, na vidole vyake vikakaa. Hakuandika kitu. Alikaa hivyo, ameishika tu, na baadaye akacheka peke yake, akasema, "Kweli alikuwa mfupi." Akatoka nayo mkononi. Kisanduku alikisahau, na Shangazi anatunzia miwani humo hadi leo.

Tangu siku ile, mteja akituletea mbao iliyokuwa ya mtu, msumeno hauguswi kabla hajaulizwa: alishikia wapi? Shangazi ndiye aliyeiweka sheria hiyo, na ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote kwa anayeisahau. Sijamsikia tena akisema mti haumdanganyi. Alianza kusema hivi: "Mti unasema ulichofanyiwa. Aliyeufanyia, muulize mwenyewe, au mwanawe."

Shangazi, sasa nikuambie wewe mwenyewe. Nyundo yako ya mbao iliyopotea, ile uliyotuitia wezi sote, haikuibwa. Mpini wake ulikwenda kwa Vumbi, ukawa kalamu. Na siku ile, kabla hajaukata, alipokuja mezani kwako akajifanya ana soga, akakuuliza nyundo huwa unaishikia wapi hasa, ukamjibu, "Vipi, mmeanza kunipimia jeneza?" Kisha ukamwonyesha. Si mwishoni, wala si katikati palipong'aa. Ni juu kabisa, kidole gumba kikigusa kichwa cha nyundo.

Tungeigeuza, Shangazi. Sote tungeapa kwamba ni pale palipong'aa.

Kalamu imo kwenye bahasha uliyopewa pamoja na wasifu huu. Tunakushukuru kwa mikono yako, kwa makaripio yako, na kwa ufa ule ambao hukuuficha. Tunakuombea asubuhi zisizo na king'ora cha kazini, miguu isiyovimba, na nyumba yenye watu wa kukuita shangazi kwa haki. Nenda ukaishi vyema. Ishike pale pale unaposhikia kila siku. Tuliuliza kwanza.