Phanuel Shitanda, Fundi wa Vitasa na Bawaba, na Mlango wa Bwana Andati

Phanuel Shitanda, ambaye mwili wake uko mbele yetu leo Jumamosi, tarehe 19 Aprili 1997, alizaliwa tarehe 14 Machi 1931 karibu na Malava, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Shikanga na Mama Nafula. Ulikuwa mwaka wa nzige. Tarehe tunaijua kwa hakika kwa sababu katekista wa misheni alipita nyumbani siku hiyo kuomba maji, akakuta mtoto amezaliwa, akaiandika ndani ya jalada la kitabu chake cha nyimbo. Wengi wa rika lake hawana tarehe. Yeye alikuwa nayo na aliipenda. Kila mwaka siku hiyo alifunga karakana mapema, akanunua mkate mzima na kwenda nao nyumbani.

Alianza shule ya misheni mwaka 1940, akaishia darasa la nne mwaka 1944, baba alipougua na karo ikashindikana. Mlango wa darasa lao ulikuwa ukivimba kila mvua ya Aprili, na wanafunzi waliingilia dirishani. Asubuhi moja mwalimu alimkuta Phanuel ameung'oa mlango mzima na kuulaza nyasini, anakwangua ukingo wake kwa kipande cha chupa. Alimchapa viboko viwili kwa kugusa mali ya shule. Kisha akakaa juu ya jiwe akamngoja amalize. Mlango ule ulifunguka vizuri miaka yote tuliyobaki pale. Kakake anayesoma haya, Masinde, alikuwa darasa la mbele yake, na aliviona viboko na mlango pia.

Mwaka 1948 alikwenda Kakamega mjini kufagia duka la vyuma la Kalasinga mmoja aliyeitwa Mohinder. Alifagia miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kushika tupa. Siku hizi kijana hushika tupa Jumatatu, na Ijumaa ameshachora kibao cha kujiita fundi. Kwa Mohinder alijifunza kufungua kitasa kwenye kitambaa cheupe ili spring isipotee, kusafisha kila kipande kwa mafuta ya taa, na kutengeneza kilichovunjika badala ya kukitupa. Kati ya 1955 na 1963 alifanya kazi katika mashamba ya Wazungu upande wa Lumakanda, akitunza milango na madirisha ya nyumba zao. Mashamba yalipogawanywa alirudi mjini, na tarehe 2 Machi 1964 akafungua karakana yake nyuma ya soko.

Hapo alikaa miaka thelathini. Alitengeneza vitasa vya ofisi, vya shule, vya maduka na vya nyumba za walimu. Alikuwa na desturi moja ambayo wengi walio hapa wanaikumbuka. Akimaliza kazi, alisimama nje ya mlango, akamwita mwenye nyumba na jirani mmoja awe shahidi. Aliweka funguo zote kiganjani mwa mwenyewe, akamwambia afunge na afungue mara tatu kwa mkono wake, kisha akakung'uta mifuko yake mbele yao. Hakuwahi kubaki na ufunguo wa mtu. Watu walimcheka, wakamwambia, "Fundi, sisi tunakuamininga." Alijibu kwamba leo wanaamini, na kesho haijulikani. Kwa sababu ya desturi hiyo, kanisa lilimpa ufunguo wake mwaka 1975. Kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyefungua kanisa kila Jumapili kabla ya saa moja.

Alimwoa Zilpah Navalayo wa Shianda, na ndoa ikabarikiwa kanisani tarehe 15 Desemba 1956. Walijaliwa watoto watatu. Zilpah alikuwa akilalamika kwamba mumewe alinyamazisha milango ya Kakamega nzima, lakini mlango wa jikoni mwake mwenyewe ulilia miaka kumi. Siku moja alimuuliza mbele ya wageni kama mafuta yamekwisha karakana. Phanuel akasema, "Mama Lazarus, huo mlango ukilia ndio najua chai inakuja." Mlango ulitiwa mafuta siku iliyofuata, na Zilpah akasema sasa nyumba imekuwa kimya mno.

Ningependa kuruka kutoka hapo hadi ugonjwa wake, kama wasifu nyingi zinavyofanya siku hizi, ambapo kila marehemu ni mtu wa watu na hakuna aliyemkosea. Zamani hatukuzika hivyo. Mwenye neno na marehemu alilisema kaburi likiwa wazi, mbele ya watu wote, ndipo udongo ukarudishwa. Sasa tuna vipaza sauti vya kukodi na hatusemi neno. Kwa hiyo nitasema habari ya mlango wa Bwana Andati, kwa sababu ndiyo iliyomaliza maisha ya Phanuel kabla ya ugonjwa kummaliza.

Bwana Andati, ambaye nyote mnamjua na yuko nasi hapa, alirudi kutoka Ulaya akajenga nyumba nje kidogo ya mji. Ilikamilika mwaka 1991. Milango na madirisha yake yalikuja kwa meli, ya vioo viwili viwili vilivyoacha hewa katikati, vitu vilivyoundwa kwa nchi za theluji. Mafundi kutoka Nairobi waliyaweka wakaenda zao. Mwaka 1993 vishikio vilianza kukwama, na mlango mkubwa wa sebuleni ukakataa kujifunga. Hakuna fundi mjini aliyekuwa ameuona mlango wa namna hiyo. Ndani ya ukingo wake ulikuwa na ufito wa chuma kutoka juu hadi chini, wenye ndimi tano zinazotoka pamoja mtu akiinua kishikio. Phanuel alikuwa na miaka sitini na miwili. Aliketi mbele ya mlango ule siku mbili bila kufungua hata skrubu moja, akiuangalia tu. Siku ya tatu alitoa ufito, akakuta gurudumu dogo la meno limevunjika, akachonga jingine kwa tupa. Ulifunga. Aliporudi nyumbani alisimulia habari za ndimi zile tano hadi ugali ukapoa.

Lakini aliona jambo jingine. Mlango ule uliundwa ufunguke kuelekea ndani. Bwana Andati aliwaamuru mafundi wa Nairobi waugeuze ufunguke nje, kwa sababu ukifunguka ndani ungegonga viti, na alitaka viti vizunguke kuta zote nne za sebule, kama tupendavyo sote, ili wageni wakija wote wapate pa kukaa. Kwa hiyo bawaba zilizopaswa kuwa ndani zikabaki nje, verandani. Phanuel alimwonyesha, mbele ya mkewe Mama Risper, kwamba pini za bawaba zile zinasukumika kwa msumari na jiwe. Mtu akizitoa, anauchomoa mlango mzima upande wa bawaba, na kitasa kinabaki kimefungwa kama hakijaguswa. Aliomba kutia vijiti viwili vya chuma upande huo ili mlango usichomoke, au mlango urudishwe ulivyokuwa na viti viwili viondolewe.

Bwana Andati alicheka. Alimwambia, "Wewe fundi unatafuta kazi tu. Mwizi wa hapa anajuanga kuvunja, hajui kufungua." Viti havikuondolewa.

Phanuel alimpa funguo zote tatu, akamfanya afunge na afungue mara tatu, akakung'uta mifuko. Jirani aliyekuwa shahidi amekwisha kufa.

Jumamosi, tarehe 5 Novemba 1994, familia ya Bwana Andati ilikwenda arusini Shianda. Waliporudi alasiri walikuta mlango umefungwa vizuri, kioo kizima, kitasa kizima, na ndani hamna televisheni, hamna redio, hamna cherehani wala suti. Hakuna aliyeangalia bawaba. Wote waliangalia kitasa, na kwa kuwa kitasa hakikuvunjwa, walisema kimefunguliwa kwa ufunguo. Jumatatu asubuhi Bwana Andati alisimama sokoni, mbele ya karakana, watu wakiwa wengi, akasema, "Aliyeutengeneza ndiye aliyeufungua."

Phanuel alilala seli siku tatu, akaachiliwa bila shtaka. Alieleza habari ya pini kwa kila aliyemsikiliza, na watu waliona ajabu kwamba anajua sana namna mwizi alivyoingia. Hivyo ujuzi wake ukawa ushahidi dhidi yake. Walimu waliacha kumwita. Wenye maduka waliotengenezewa milango na yeye miaka ishirini walibadilisha kufuli zao wiki hiyo hiyo, wakanunua zile za bati laini zinazofunguka kwa waya. Wazee wa kanisa waliketi tarehe 20 Novemba, wakamwomba arudishe ufunguo "kwa ajili ya amani". Aliurudisha kama desturi yake ilivyokuwa. Aliuweka kiganjani mwa mwenyekiti, akamwambia afunge na afungue mara tatu, akakung'uta mifuko. Hakuna aliyemwangalia usoni. Aliendelea kuja ibadani, lakini alikuja watu wakiwa wameshaingia, akakaa benchi la nyuma.

Karakana aliifunga Machi 1995. Sukari ilimpata mwaka huo, na mwaka uliofuata ikamharibu mguu wa kulia. Madaktari na wauguzi walimhudumia vizuri, na familia inawashukuru.

Mwezi Agosti 1996 mlango wa Bwana Andati ulianza kulegea na kukwaruza sakafu. Aliita fundi kutoka Eldoret. Fundi huyo alipofungua bawaba ya chini hakukuta pini ya bawaba. Alikuta msumari wa inchi sita uliokatwa kichwa. Wezi walipokuwa wakiurudisha mlango mahali pake walipoteza pini moja, wakatia walichokuwa nacho. Aliyekuwa amesimama pale akiona ni Mama Risper. Aliuchukua msumari ule, akaufunga kwenye leso, akaja nao kwa miguu hadi kwa Zilpah. Tunamshukuru mbele ya watu, kwa kuwa hakuna mwingine wa nyumba ile aliyefanya hivyo.

Mumewe alichukua miezi sita. Alikuja tarehe 16 Februari mwaka huu, peke yake, Phanuel akiwa kitandani. Zilpah alikuwepo, na Masinde alikuwepo. Bwana Andati alisema amekosa, alisema ni hasira ya siku ile, akaomba yaishe. Phanuel alimsikiliza hadi mwisho, akamwomba Zilpah amletee mgeni chai. Kisha akasema, "Andati, uliniita mwizi sokoni. Unakuja kuniomba radhi chumbani?"

Bwana Andati aliahidi kwamba atasema kanisani. Kuanzia siku hiyo Phanuel, ambaye hakuweza tena kukanyaga, alibebwa kwenye kiti kila Jumapili na wanawe. Hakutaka kukosa siku moja. Ilipofika saa ya matangazo alijiinua kidogo kitini. Jumapili saba zilipita. Ya saba ilikuwa tarehe 6 Aprili. Walipofika nyumbani alimwambia Zilpah kwamba Jumapili ijayo asisumbue vijana.

Alifariki Alhamisi, tarehe 10 Aprili 1997, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Siku ya pili ya matanga Bwana Andati alituma ng'ombe dume na jeneza lenye kioo. Zilpah aliwarudisha waliovileta, jeneza na ng'ombe. Aliwaambia kwa upole kwamba Baba Lazarus hakuomba sanduku, aliomba neno. Wazee fulani walisema mjane ana moyo mgumu, na kwamba kwenye msiba hatukatai mkono wa mtu. Wazee hao hao walikuwepo kanisani Jumapili zote saba. Jeneza mnaloliona limetengenezwa na wanawe.

Marehemu ameacha mjane, Zilpah Navalayo. Watoto watatu, Lazarus, Phoebe na Elvis. Mkaza mwana, Jepkosgei wa Lumakanda. Wajukuu tisa, mdogo wao Mitchel wa miezi minne. Na kakake, Masinde, ambaye ndiye pekee aliyebaki kati ya watoto saba wa Mzee Shikanga. Wajukuu wanauliza mambo shuleni, na wenzao wanawajibu kwa yale waliyosikia kwa wazazi wao. Ndiyo sababu haya yameandikwa na kuchapishwa, ili kila mmoja aende nayo nyumbani.

Katika ratiba mliyo nayo mkononi, anayefuata baada ya wasifu huu ni Bwana Andati. Kamati ilitaka kumweka mwisho, baada ya chifu. Zilpah ndiye aliyeagiza awekwe hapa, kabla mwili haujashushwa, na ameomba jambo moja tu: akisimama, mtu yeyote asimpigie makofi, na akikaa kimya, mtu yeyote asimcheke. Atapewa nafasi. Kaburi halitafukiwa kabla hajapewa.

Mungu amlaze Phanuel Shitanda pale ambapo jina lake halihitaji kutetewa. Hapa duniani, kakake mkubwa amesema kwa niaba yake alilotaka lisemwe: hakuiba.