Fundi Sikio na Gari Lililonyamaza

Mpendwa wetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Sikio, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1953, kitinda mimba wa mshona viatu. Mama yake alisimulia kwamba alizaliwa bila kulia, akageuza kichwa kuelekea mlio wa cherehani ya baba yake.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1961. Hesabu zilimpiga chenga, lakini siku moja alisikia mlio wa pikipiki ya mwalimu mkuu, akamwambia haitafika nyumbani. Kweli haikufika.

Alianza kazi ya gereji mwaka 1971, na 1979 akafungua yake. Kusikiliza ugonjwa wa gari, aliegemeza ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho. Wenye magari yaliyochoka, yanayogonga na kutoa moshi wa buluu, walimwomba awawekee oili nzito na dawa ya chupa. Aliwacheka. "Hapo umemziba mdomo tu, hajapona. Tufungue injini." Walinuna, wakafungua pochi.

Alifunga ndoa tarehe 12 Disemba 1981, na bibi harusi alipandishwa gari jeupe la fundi mwenyewe. Gari hilo hakuna fundi mwingine aliyeligusa. Lilipozeeka likaanza kugonga, alilijaza oili nzito, akamimina na dawa juu yake. Mkewe akamuuliza, "Baba watoto, lako mbona hulifungui?"

"Nikilifungua nitakuta nini, mama?"

Mganga hajigangi. Gari likanyamaza.

Mwaka juzi alianza kukohoa. Alinunua dawa ya maji, nzito kama asali, na kikohozi kikakoma. Lakini mkewe alipolaza sikio kifuani pake alisikia, chini kabisa, ko, ko, ko. Ilikuwa sauti ya gari lile. Alimsihi waende hospitali, akalia, akagomba, mabinti nao wakampigia magoti. "Mbona nimepoa?" aliwajibu. Alipokubali, daktari alisema wamechelewa. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Alifariki Jumanne, tarehe 18 Juni 2024, saa mbili asubuhi, akiwa hospitalini na binti yake mdogo. Mkewe alikuwa uani akianika nguo, mawingu yametanda. Gari jeupe, lililoegeshwa hapo uani na kutolewa betri tangu mwaka jana, likagonga. Alipoligusa boneti, lilikuwa la moto. Mkono ulikuwa bado pale simu ya hospitali ilipoita.

Ameacha mjane, mabinti wawili, ambao mkubwa wao ndiye mwenye gereji sasa, wajukuu watatu na dada mmoja.

Juzi, tulipokwisha kumvisha, mjane aliomba bisibisi. Aliweka ncha kifuani pa mumewe, mpini sikioni, akafumba macho. Hakuna aliyethubutu kukohoa. Alisikiliza mpaka tukaanza kuogopa atakachosema.

"Hiki ndicho kimya cha kweli," alisema. Kisha akamkabidhi binti yake mkubwa bisibisi. "Nenda kalifungue lile gari, mwanangu."

Pumzika kwa amani, Fundi Sikio. Safari hii hakuna kilichozibwa.