Aliyepiga Hodi Kabla ya Kufunga

Baba yetu uliyeketi hapo mbele, mjomba, shangazi, wadogo zangu, majirani, na ninyi walimu, walinzi, wapishi, wafagizi na madereva wa shule za wilaya yetu, asanteni kwa kuja, na kabla sijaanza niwaambie kwamba maelezo haya jana mchana yalikuwa mafupi kuliko yalivyo sasa, kwa kuwa mjomba, kaka wa marehemu, alishauri habari ya stoo iachwe, akasema msibani si mahali pa kufukua mambo, lakini Baba, ambaye ukimpa neno moja hulitumia wiki nzima, alisema, "Soma yote," kwa hiyo nitasoma yote, na mjomba atanivumilia.

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa karani wa ghala na mshonaji wa nguo, katika nyumba ya vyumba viwili iliyotazamana na karakana ya magari, na waliomjua utotoni wanasema alikuwa mchokozi, mtoto wa makelele, aliyeingia chumba chochote kwa kuusukuma mlango kwa bega, jambo ambalo sisi watoto wake tulipolisikia tulidhani anatajwa mtu mwingine kabisa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1974, akakaa mwaka mmoja nyumbani akimsaidia mama yake kutia vifungo kwenye sare za watu, kisha Januari 1976 akajiunga na chuo cha ualimu, na huko kitanda chake kilipakana na cha msichana mmoja mrefu, mwenye pumu, aliyepewa na wenzake jina la Taratibu kwa sababu kengele ikilia watu wanakimbia yeye bado anatafuta kiatu cha pili, na tangu wiki ile ya kwanza wawili hao wakawa chanda na pete, mmoja wa mbio na mwingine wa polepole, wa mbio akimwekea wa polepole nafasi kwenye benchi, akimchukulia chai, akimjibia jina asubuhi akichelewa, na hakuna aliyeona ubaya wowote katika hilo, maana ndivyo marafiki walivyo.

Walimaliza chuo pamoja na Januari 1978 wakapangiwa shule moja ya msingi, wakapanga vyumba viwili vilivyopakana, na mnamo Septemba 1979 Taratibu alijifungua mtoto wa kike, ambaye baba yake alikuwa ameshakwenda zake na hana nafasi katika maelezo haya, na mtoto huyo ndiye mimi ninayewasomea.

Ijumaa ya tarehe 9 Januari 1981 ilikuwa siku ya mwisho ya wiki ya maandalizi, ile wiki ambayo kila mwalimu aliyepo hapa anaijua, ya kugawana madarasa na kuvutana juu ya ratiba, ya kupaka rangi ubao, kutenganisha madawati mazima na mabovu, na Taratibu alikuwa amepewa kazi ya kupanga vitabu stoo. Jioni mkuu wa shule, mtu mkali asiyetaka kusikia habari ya mwalimu anayechomoka kabla ya wakati, alisimama uwanjani akauliza kama watu wote wametoka, na marehemu akatazama huku na huku, hakumwona rafiki yake, akaona na mwavuli wake haupo kwenye msumari wa ofisini, akajua, au tuseme akadhani anajua, kwamba mwenzake amechomoka kumwahi mtoto, na kwa nia ya kumsitiri tu, kama alivyomsitiri siku zote, akajibu, "Wote wametoka."

Taratibu alikuwa nyuma ya rafu za mwisho, na mwavuli alikuwa ameingia nao kwa sababu paa la stoo lilivuja, na mlango wa stoo ulikuwa wa chuma, komeo lake lipo nje, kwa hiyo mlinzi akalisukuma komeo na kwenda zake getini, upande wa barabara. Jirani aliyekaa na mimi alipoona giza linaingia alianza kuulizia, na watu wakatafuta hospitalini, wakatafuta polisi, stendi ya mabasi, kwa ndugu wa karibu na wa mbali, Jumamosi nzima na Jumapili nzima, na utafutaji huo aliuongoza marehemu mwenyewe, mimi nikiwa mgongoni mwake, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kwenda shuleni, kwa sababu shuleni wote walikuwa wametoka. Jumatatu asubuhi marehemu alikwenda stoo kuchukua chaki, akafungua komeo.

Daktari alisema ni pumu na vumbi, na kwamba hakuchukua muda mrefu, na marehemu aliyakubali ya pumu na ya vumbi lakini hilo la tatu hakuliamini mpaka mwisho wake, hasa baada ya mlinzi kusema kwamba Ijumaa ile alisikia kitu kinagonga, akadhani ni bati la paa linachezewa na upepo. Uchunguzi ulisema ni ajali, mkuu akahamishwa, komeo likabaki palepale. Ndugu wa pande zote walipokutana kuamua mtoto alelewe na nani, na kila mmoja akawa anataja shida zake, binti huyu wa miaka ishirini na mitatu, asiye na mume wala kitanda cha pili, alisema mtoto atabaki mgongoni alipo, na hakuna aliyembishia.

Mwaka 1983 seremala wa wilaya alikuja shuleni kutengeneza madawati, akampenda mwalimu wa darasa la tatu, ndiye marehemu, na alipojitutumua kumwambia, mwalimu huyo alimjibu kwamba anayetaka kuzungumza naye aanze kwanza kwa kung'oa makomeo yote ya nje katika shule ile, na seremala akayang'oa, akaweka vitasa vinavyofunguka kwa ndani, wakaoana tarehe 18 Agosti 1984, na mpaka leo Baba husema wenzake walitoa mahari, yeye alitoa makomeo. Walijaliwa mtoto wa kiume mwaka 1986 na wa kike mwaka 1990, na sisi watatu tulilelewa katika nyumba ambayo mlango wake wa nje tu ndio uliokuwa na kufuli, hata choo hakikuwa na komeo, ukiingia sharti uimbe, na ndiyo maana familia yetu yote tunaimba vibaya lakini kwa sauti kubwa.

Kuhusu kazi, alikuwa mwalimu wa kawaida hadi mwaka 1989 alipofanywa mkuu wa shule, na mwaka 1996 akateuliwa kuwa afisa wa mafunzo ya walimu wa wilaya, cheo alichokaa nacho hadi alipostaafu mwaka 2017, na katika miaka hiyo yote wiki ya maandalizi ilikuwa yake. Ndiye aliyeamua kwamba walinzi, wapishi, wafagizi na madereva wakae ukumbi mmoja na walimu, viti vilevile, chai ileile, na wapo waliokasirika, wengine mko hapa. Ndiye aliyeweka kanuni kwamba majina yakiitwa kila mtu ajijibie mwenyewe, asimjibie mwingine hata kama mwingine huyo yuko mlangoni anafuta viatu, na ole wako ujifanye mwema ukaitikia jina la jirani yako, angesimamisha semina nzima, akakutazama, mpaka utamani sakafu ipasuke uingie.

Na ndiye aliyewafundisha kupiga hodi. Mwisho wa wiki, katika kila shule, aliwapanga wafanyakazi wote nyuma yake, akapita chumba kwa chumba, madarasa, ofisi, jiko, vyoo, stoo, akasimama mlangoni, akasema, "Hodi," akasubiri, akasema tena, akasubiri, ndipo akaruhusu mlango ufungwe. Watu wengine hupiga hodi ili waingie, yeye alipiga hodi ili afunge, na walimu vijana wakawa wanasukumana kwa viwiko na kuficha vicheko, wakampa jina la Mwalimu Hodi, naye alilijua, wala hakuwahi kuwagombeza kwa hilo.

Mimi niliambiwa habari ya stoo mwaka 2002, siku moja kabla sijaripoti kwenye kituo changu cha kwanza, mezani, Baba akiwa ametoka makusudi, na marehemu aliniambia, bila kujitetea na bila kulia, "Mama yako alikufa kwa sababu nilisema ametoka." Hakuniomba msamaha. Sikumpa. Nilichukua begi langu nikahamia nyumba za walimu, na muhula mzima sikurudi nyumbani, nikawa nalala taa ikiwaka, kwa sababu kila upepo ulipogusa bati nilisikia mtu anagonga, mtu ambaye sura yake siikumbuki hata kidogo.

Januari iliyofuata alikuja shuleni kwetu kufunga wiki ya maandalizi, akanisalimia kama alivyowasalimia wengine, nikamfuata nyuma pamoja na wengine, na tulipofika stoo nilikuwa karibu naye kuliko siku zote, nikaona kitu ambacho wale wanaocheka nyuma hawakukiona, kwamba baada ya kusema hodi alizuia pumzi, akainamisha sikio, shingo imekaza, na kwamba mwanamke huyu hakuwa anaonyesha mfano wala kutimiza utaratibu, alikuwa anasubiri kuitikiwa. Miaka ishirini na miwili alikuwa anamtafuta mtu yuleyule, katika kila chumba cha wilaya hii, na kila chumba kilinyamaza. Wikiendi ile nilirudi nyumbani na begi langu, akanipakulia chakula, na habari ile haikutajwa tena kati yetu.

Mwezi Mei 2023 alianza kuchoka akipanda ngazi, vipimo vikaonyesha moyo umedhoofika na mapafu yanajaa maji, akawa anatibiwa na kurudi nyumbani, anatibiwa na kurudi, mpaka tarehe 28 Desemba alipolazwa na hakurudi tena. Kukosa pumzi kulimtisha kuliko maumivu, alisema sasa anajua ilivyokuwa, nasi tulijua anamaanisha nini, na wauguzi walijifunza kuuacha mlango wa wodi wazi hata kwenye baridi.

Alasiri ya Jumamosi ya tarehe 6 Januari upepo uliusukuma mlango ule ukajifunga wenyewe, nikainuka kuufungua, na nyuma yangu nikasikia, kwa sauti ndogo sana, "Hodi." Nikageuka. Alikuwa ananitazama, na wanaomkumbuka Taratibu husema nimefanana naye kama tumegawana sura, na nikaona machoni mwake kwamba hanioni mimi. Akasema, "Kumbe ulikuwemo." Kisha akasema, "Siku zote hizo umo humo humo."

Ndugu zangu, kanuni yake mnaijua, asiwepo mtu wa kumjibia mwingine, na mimi nimeifuata darasani na nyumbani maisha yangu yote, na ningeweza kumwambia, Mama, ni mimi, mwanao, Taratibu alikufa zamani, na huo ungekuwa ukweli. Sijui mama yangu mzazi angesema nini. Labda angekuwa na hasira, ana haki nayo. Lakini yeye hawezi tena kusema, na huyu aliyenibeba mgongoni alikuwa amebakiwa na pumzi chache, kwa hiyo siku hiyo moja niliivunja kanuni, nikaufungua mlango wote, nikamjibia mama yangu, nikasema, "Nilikuwemo, lakini nimeshatoka. Mlango uliufungua wewe." Akauliza, "Na mtoto?" Nikasema, "Mtoto yuko kwako, mzima." Akasema, "Basi vizuri," akageukia ukuta, na kabla jua halijazama alifariki dunia.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, na milango mingi. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, waliovumilia baridi kwa ajili ya mgonjwa mmoja, inawashukuru majirani waliopika, waliolala nasi na waliomzuia Baba asitengeneze jeneza peke yake, na inaushukuru uongozi wa elimu wa wilaya kwa kuisogeza wiki ya maandalizi ili mpate kumsindikiza, ikaangukia kwamba tunamzika leo, tarehe 9 Januari, siku ambayo hatukuichagua. Kesho asubuhi mtakuwa ukumbini, majina yataitwa, na siku ya mwisho mtapita milangoni, nami naomba kitu kimoja, mkishasema hodi msiharakishe kufunga, subirini kidogo, kama alivyosubiri.

Mama, leo kabla hatujaondoka nyumbani nimezunguka mwenyewe, chumba kwa chumba, nikapiga hodi, nikasubiri. Wote wametoka, Mama. Pumzika kwa amani.